Vidonge Sita

Saa tisa usiku niliamka ghafla, nikakaa kitandani na jina la dawa moja mdomoni: spironolaktoni.

Ilikuwa wiki yangu ya saba kama muuguzi mtabibu. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka 9, na wodini walinijua. Niliweza kusimama mlangoni, nikamtazama mgonjwa anavyovuta pumzi, nikajua kwamba usiku huu si wake, nikaenda kumwita daktari kabla mashine haijalia. Kisha nikarudi shule, nikafaulu, nikapewa leseni. Sasa mgonjwa anaingia, mlango unafungwa, na wa kusema huu ni ugonjwa gani na unywe dawa gani ni mimi. Nilikuwa na miaka 34 na nilikuwa nimerudi kuwa mwanagenzi. Hilo hakuna aliyenitayarisha nalo.

Chuoni tulisimuliwa jinsi kazi hii ilivyoanza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipofungua mafunzo ya kwanza. Nikiwa mwanafunzi nililitaja jina la Ford kwa fahari. Wiki zile saba nilikuwa nikilikumbuka kwa aibu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mwenzake kwa ufunguo wa wizi.

Mwili ndio uliotangulia kusema. Kila asubuhi nilikaa ndani ya gari nje ya kliniki, mikono imeng'ang'ania usukani, tumbo limejikunja, nikihesabu dakika mpaka nisiwe na budi kushuka. Mchana chakula hakikupita. Usiku nilizipitia nyuso za wagonjwa wa siku hiyo mmoja baada ya mwingine: yule kikohozi chake nilikisikiliza vizuri? Yule mtoto sikio lake nililitazama kweli, au niliona nilichotaka kuona? Dozi ya parasetamoli, dawa niliyoitoa kwa mikono yangu kwa miaka yote ile, niliitafuta kitabuni mara tatu. Nilidhani huo ndio uangalifu. Nilijiambia kwamba anayeogopa hakosei.

Sasa yule mama. Alikuwa na miaka 74, moyo wake haukuwa na nguvu ya kusukuma damu ipasavyo, na alikuja Jumatatu alasiri akilalamika kwamba mkojo unamchoma. Alizitoa dawa zake kwenye mfuko, akazipanga mezani pakiti kwa pakiti, tano. Nilimpima mkojo, nikamwandikia antibayotiki ya kotrimoksazoli, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Vidonge sita. Kompyuta ikatoa onyo. Siku hiyo ilikuwa imekwisha kunitolea maonyo mengi yasiyo na uzito, na mgonjwa aliyetoka kabla yake alikuwa bado kichwani mwangu, nikijiuliza kama nilimwandikia dawa ya mzio kwa kipimo sahihi. Nikalifunga onyo bila kulisoma.

Onyo lilikuwa sahihi. Trimethoprimu, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya kotrimoksazoli, huzuia figo kuitoa mwilini potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Mama yule alikuwa tayari anatumia dawa za moyo lisinoprili na spironolaktoni, na zote mbili huipandisha potasiamu. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake, na wakati mwingine mgonjwa hana dalili yoyote mpaka dakika ile. Haya yote niliyajua. Niliyajibu kwenye mtihani.

Jambo hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na mpaka leo nalifikiria. Nilikuwa nimevitilia shaka vitu vyote kwa kiwango kimoja, parasetamoli sawasawa na dawa za moyo, hata shaka yangu ikaacha kunionyesha kitu. Hofu ilikuwa imekalia kiti cha uangalifu.

Usiku ule wa Jumanne kuamkia Jumatano nilipiga hesabu: alishameza vitatu. Ningeweza kumpigia pale pale. Nilikaa na simu mkononi hadi karibu saa kumi, nikijiambia namwonea huruma, mzee amelala. Si kweli. Nilikuwa naogopa simu iite bila kupokelewa.

Aliipokea mara ya pili.

"Mama, samahani kukuamsha. Ni mimi wa kliniki. Unajisikiaje?"

"Mkojo hauchomi tena, mwanangu. Kuna nini?"

Nilimwambia. Sikumzungusha. Nilisema dawa niliyompa haikupaswa kukaa pamoja na zile za moyo wake, kwamba kosa ni langu, asimeze kingine, na ya asubuhi ya spironolaktoni aiache kwanza. Nikamtaka aende hospitali usiku ule ule akapimwe. Binti yake alimpeleka. Kisha nikampigia daktari msimamizi wangu. Alisikiliza, akauliza maswali mawili tu kuhusu figo zake, akasema nimefanya sawa.

Potasiamu ilikuwa 5.7, na kawaida haizidi 5 hivi. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi. Walimweka chini ya uangalizi mpaka ikaanza kushuka, wakambadilishia antibayotiki.

Mchana daktari msimamizi aliniita. Nilikuwa nimeiandika barua ya kuacha kazi kichwani, mpaka sentensi ya mwisho. Tuliandika taarifa ya tukio pamoja, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye lile onyo aliandika pia idadi ya wagonjwa niliopangiwa siku ile. Halafu akaweka kalamu chini.

"Umelala kwa saa ngapi wiki hii?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikalia. Nililia vibaya, kama mtoto, na hakunikatiza. Nilipotulia alinipunguzia wagonjwa kwa miezi miwili, akatenga saa moja kila Ijumaa ya kupitia naye kesi zilizonisumbua, na akanipa namba ya mshauri nasaha. Mshauri ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana na bado wakaamini wamedanganya watu, hali waliyoiita kwa Kiingereza "imposter phenomenon", hisia ya kuwa laghai. Kujua hivyo hakukuniponya. Kulinipa jina la kitu, na kitu chenye jina nilizoea kukikabili, tangu wodini.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi kupimwa damu. Potasiamu ilikuwa 4.6. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tena, lakini kabla sijafungua kinywa alishachukua mfuko wake na kuanza kupanga pakiti mezani, kama siku ile. Nilizichukua moja moja, nikasoma majina kwa sauti, naye akitikisa kichwa kwa kila moja. Nilipoishika ya nne nikanyamaza.

"Soma, mwanangu," akasema.

Nikasoma.