Bei ya Haki ya Pikipiki Iliyotumika

Pikipiki mbili za aina moja, zilizosajiliwa mwezi mmoja, zinaweza kuwa na umri sawa kwenye kadi na umri tofauti kabisa barabarani. Ile ya mwalimu anayeishi kilomita 5 kutoka shuleni, kwa siku 200 za masomo, hukimbia takriban kilomita 2,000 kwa mwaka. Ile ya bodaboda inayozunguka kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hukimbia kilomita 36,000. Mwaka mmoja wa kijiweni ni sawa na miaka 18 ya mwalimu huyo, na bado mnunuzi wa kawaida akifika anauliza kwanza, "Ni ya mwaka gani?" Kwa kuwa hapa Morogoro ndugu na majirani huniomba mara kwa mara niwasaidie kukadiria bei kabla hawajauza au kununua, nimeona niandike kwa utaratibu namna ninavyofikiri. Ninachoamini ni kwamba bei ya haki hutokana na kazi iliyobaki ndani ya chombo, na si kiasi alichotoa mwenye nacho, wala miaka iliyoandikwa, wala mng'ao wa tangi.

Thamani huanza kushuka siku ile ile pikipiki inapotoka dukani. Haijachakaa hata kidogo, lakini imeshapata jina la mtu kwenye kadi, na anayeitaka anajiuliza kwa nini inauzwa mapema hivyo. Dhamana ya duka huenda isimfikie yeye, na atalazimika kugharimia kubadilisha umiliki. Mtu mwenye fedha za kutosha kununua mpya hatakubali yako mpaka umpunguzie kiasi cha kumfidia kwa wasiwasi na usumbufu huo. Baada ya pigo hilo la kwanza, thamani huendelea kushuka, lakini kila mwaka kinachokatwa ni sehemu ya kile kilichobaki, kwa hiyo shilingi zinazopotea mwaka wa tatu ni chache kuliko za mwaka wa kwanza. Hatimaye hufika mahali pikipiki inakataa kushuka zaidi: maadamu injini inawaka na fremu ni nzima, kuna mkulima anayeitaka ya kubebea magunia, na kuna fundi anayeitaka kwa ajili ya spea.

Mahali pa kuanzia hesabu ni bei ya leo ya pikipiki mpya ya aina hiyo hiyo. Bei ya siku uliyoinunua haihusiki. Pikipiki nyingi zinazotembea kwetu, kama Boxer na TVS, asili yake ni India, na bei zake dukani huyumba pamoja na thamani ya shilingi mbele ya dola. Mtu aliyenunua kwa shilingi milioni 2.3 miaka kadhaa iliyopita anaweza kuuza leo kwa bei isiyo mbali sana na hiyo bila kumdhulumu mtu, iwapo mpya imepanda hadi milioni 3 na yake imetumika kwa upole. Vivyo hivyo, bei ya mpya ikishuka, hana haki ya kudai kwamba mnunuzi amlipie ughali wa wakati ule.

Tuchukulie basi kwamba mpya ni shilingi 3,000,000. Mimi huondoa kwanza asilimia 15 kwa ajili ya ule wasiwasi wa kuwa mnunuzi wa pili, tunabaki na 2,550,000. Kwa pikipiki ya bodaboda huondoa robo ya kilichobaki kwa kila mwaka wa kazi. Kwa pikipiki ya matumizi binafsi huondoa sehemu moja ya kumi. Baada ya miaka miwili ile ya bodaboda inafika takriban 1,434,000, na ile ya mwalimu takriban 2,065,000. Tofauti ni zaidi ya laki sita kati ya vyombo viwili vyenye umri mmoja kwenye kadi. Viwango hivi ni vya kwangu, nilivyovipata kwa kulinganisha bei ambazo watu wamekubaliana kweli. Mtu wa Kilosa au wa Dar es Salaam anaweza kuvirekebisha kulingana na soko lake, mradi asiviache viwili hivyo vikawa kimoja.

Kuna wahasibu wanaopenda kuleta mezani viwango vya kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu uchakavu wa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka kwa magari madogo ya biashara, na nimewahi kumsikia mnunuzi akiitumia asilimia hiyo kudai kwamba pikipiki ya miaka miwili haiwezi kuzidi shilingi 1,171,000. Kiwango hicho kimewekwa ili mfanyabiashara akokotoe faida inayotozwa kodi. Hakimhusu mama anayeuza pikipiki ya marehemu mumewe iliyokuwa ikitoka nyumbani Jumapili tu.

Bei huharibika zaidi kwenye pikipiki za mkataba. Kwa wasioufahamu utaratibu huo, tajiri hununua pikipiki na kumkabidhi dereva, dereva hupeleka kila siku kiasi cha fedha kilichopangwa, kinachoitwa hesabu, kwa muda waliokubaliana, na muda ukiisha pikipiki na kadi vinakuwa vyake. Chukua hesabu ya shilingi 9,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka mmoja na nusu: dereva atakuwa amelipa shilingi 4,212,000 kwa chombo ambacho dukani kilikuwa milioni 3. Siku anapotaka kukiuza ili aanze upya, kichwani mwake ametoa zaidi ya milioni nne, na ukimtajia 1,650,000, ambayo ndiyo inayotoka kwenye hesabu yangu ya miezi 18, anakuona mwizi. Namwelewa kabisa, lakini ile milioni moja na laki mbili ya ziada haikununua chuma. Ilikuwa malipo ya kukopeshwa, na ya tajiri kubeba hatari ya wizi, ya ajali na ya dereva kutoweka na chombo. Dereva aliirudisha kidogo kidogo kutoka kwa abiria wake katika miezi hiyo hiyo, na mnunuzi hawezi kumlipa kwa mara ya pili.

Matajiri nao hufanya kosa hilo hilo kwa upande wao. Dereva akishindwa hesabu na pikipiki ikanyang'anywa, tajiri hutangaza kuiuza kwa kiasi kilichobaki kwenye mkataba, kana kwamba deni la dereva limeandikwa ndani ya injini. Pikipiki iliyonyang'anywa huwa, kwa kawaida, na hali mbaya kuliko zote, kwa sababu dereva aliyeona haitakuwa yake hakumwaga oili kwa wakati wala hakubadilisha cheni.

Baada ya kupata bei ya kuanzia, ni lazima chombo chenyewe kiulizwe, na wa kwanza kudanganya ni spidomita. Kwenye pikipiki nyingi za kazi hesabu ya kilomita huletwa na waya kutoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, namba inasimama na pikipiki inaendelea na safari. Zaidi ya hayo, spidomita yenye tarakimu tano za kilomita hurudi sifuri ikipita 99,999. Kwa hiyo mimi hutazama vitu ambavyo watu hawakumbuki kuvibadilisha kabla ya kuuza: raba za kukanyagia, pedali ya breki, pedali ya gia, na mishikio ya usukani. Raba iliyolika hadi chuma kuonekana haipatani na spidomita inayosema kilomita 14,000. Siti mpya na stika mpya hazinishtui, ila huniongezea hamu ya kuinama na kutazama chini.

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini ikiwa baridi, na ukifika weka kiganja karibu na silinda kabla ya jambo lolote, maana muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika ili isisumbue kuwaka. Ikiwaka, tazama silensa. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi si tatizo, lakini moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, na maana yake ni ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa. Sikiliza kama kuna mlio wa cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, seti nzima ya cheni imekwisha. Zungusha usukani taratibu huku gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa. Ukikwama katikati, beringi za shingo zimelika. Kisha simama nyuma na utazame kama magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja, na upitishe kidole kwenye fremu chini ya siti na karibu na keria, mahali ambapo mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa safari moja, na magunia ya mkaa hupasua chuma. Uchomeleaji hapo, hata ukiwa umepakwa rangi vizuri, kwangu ni sababu ya kuondoka. Fremu haitengenezwi kama pistoni.

Wauzaji wengi hutamka kwa fahari kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Kwenye pikipiki yenye kilomita 20,000 hiyo ni habari njema. Kwenye pikipiki ya kijiweni iliyokwenda kilomita 80,000 naihesabu kuwa ni gharama inayonisubiri mimi. Ningependelea injini iliyofunguliwa na fundi anayejulikana, ikawekwa pistoni na ringi halisi, na risiti zikatunzwa, kuliko ile ambayo haijaguswa na imeshaanza kupoteza nguvu mlimani. Kinachoshusha bei ni kufunguliwa kusikoeleweka: vichwa vya bolti vilivyoviringika, gundi ya gasketi iliyofurika pembeni, na mwenye nayo anayesema hakumbuki ni nani aliyeifungua.

Fundi akishatoa orodha ya matengenezo, mnunuzi hutaka kuitoa yote kwenye bei, na hapo ndipo muuzaji hudhulumiwa. Ile robo tuliyokata kila mwaka tayari ilikuwa ni uchakavu wa kawaida, pamoja na tairi zilizolika nusu na breki shuu zilizopungua. Kinachostahili kukatwa ni kile kilichozidi ukawaida. Orodha ikiwa ya shilingi 250,000, na laki moja kati ya hizo ni mambo ambayo pikipiki yoyote ya umri huo ingeyahitaji, basi kwenye ile 1,434,000 unatoa 150,000, na bei inakuwa kama 1,280,000. Kwa kanuni hiyo hiyo, muuzaji aliyefunga tairi mbili mpya wiki iliyopita aongezewe kitu, ingawa si bei yote ya tairi.

Kuhusu jina la mtengenezaji nitasema machache tu. Pikipiki ambayo spea zake zinapatikana hata dukani Turiani, na ambayo kila fundi wa chini ya mwembe anaijua, hushikilia thamani. Ile ambayo kifuniko cha klachi mpaka uagize mjini hushuka haraka, hata kama ni chuma kizuri kuliko nyingine.

Karatasi nazo ni sehemu ya bei. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zilingane na zile za kwenye kadi, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea fedha au la mtu aliye tayari kufika mwenyewe. Pikipiki iliyopita mikononi mwa watu watatu huku kadi ikiwa bado na jina la wa kwanza si lazima iwe ya wizi, lakini kumtafuta huyo wa kwanza ni kazi, na kazi hiyo ina bei yake. Ulizia kama kadi imewekwa dhamana kwenye taasisi ya mikopo, na utazame kwa namba ya usajili kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Ada za Mamlaka ya Mapato (TRA) za kubadilisha umiliki na ushuru wa stempu zijadiliwe kabla ya kupeana mikono, kwa sababu nimeona mauziano mazuri yakivunjika kwa kutokujua nani anazilipa.

Yapo pia mauziano ambayo hesabu hii yote huwekwa pembeni. Mwezi Januari, ada za shule zinapodaiwa, au mgonjwa anapokuwa hospitalini, mtu huuza kwa bei ya shida, na madalali hunusa shida haraka sana. Kisheria hakuna kosa kununua kwa 800,000 kitu cha 1,280,000 kutoka kwa mtu aliyekubali. Lakini bei hiyo isije ikatajwa kesho yake kijiweni kuwa ndiyo bei ya soko, kwani hapo anaumia na yule wa pili ambaye hana shida yoyote.

Mkishakubaliana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, wenye namba ya chesisi, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana, kwa sababu ajali ya jioni hiyo hiyo itamtafuta mwenye jina kwenye kadi. Mnunuzi azuie sehemu ya fedha, tuseme laki moja na nusu, hadi umiliki utakapobadilishwa, na muuzaji naye abaki na nakala ya mkataba pamoja na ya kitambulisho cha mnunuzi mpaka siku atakapothibitisha kwamba chombo hakisomeki tena kwa jina lake.