Mistari ya Buluu ya Shayiri

Punje ya shayiri naikata kwa wembe vipande viwili. Upande wenye kiinitete nauhifadhi kwenye bahasha ili niupande baadaye, na upande wa pili nausaga, nauloweka katika alkoholi, kisha maji yake nayapitisha kwenye jeli yenye umeme. Rangi ikishakolea, protini hujipanga kwa mistari ya buluu: juu kabisa hodeini D (hodeini ni protini za akiba za punje ya shayiri), chini yake C, kisha B, ambazo huwa nyingi na hutofautiana sana kati ya aina moja ya shayiri na nyingine.

Hodeini ndizo akiba ya naitrojeni ambayo mche huila unapochipua. Jeni za makundi hayo matatu, yaani Hor1 ya C, Hor2 ya B na Hor3 ya D, ziko kwenye kromosomu 1H, na kwa kuwa Hor2 ni ukoo mzima wa jeni zilizosongamana mahali pamoja, kila aina ya shayiri huwa na mpangilio wake, kiasi kwamba wanunuzi wa shayiri ya kimea huweza kuthibitisha kwa jeli kama mzigo umechanganywa. Mbolea ya naitrojeni huongeza wingi wa hodeini, lakini haiwezi kuleta mstari ambao mmea haukuurithi.

Kasoro ya hodeini ni uhaba wa laisini, asidi amino ambayo mwili wetu hauwezi kuitengeneza. Ndiyo maana mwaka 1970, watafiti wa Sweden walipotangaza Hiproly, shayiri yenye laisini nyingi kuliko kawaida, matumaini yalikuwa makubwa. Huko Denmark nako ikapatikana Risø 1508, iliyotokana na kubadilisha jeni za aina iitwayo Bomi kwa kemikali. Hodeini zake zilipungua mno na laisini ikapanda kwa takriban asilimia 45. Lakini ukiishika mkononi unaona gharama yake: punje imesinyaa, kwa sababu wanga nao umepungua, na mkulima hawezi kuishi kwa punje za namna hiyo.

Jambo ninalolisisitiza kila mara ni kwamba Hiproly ilitoka Ethiopia, ambako wakulima wa nyanda za juu wamepanda shayiri mchanganyiko kwa vizazi vingi bila kulazimisha shamba zima lifanane. Watafiti wa Australia walipotaka shayiri isiyowadhuru wagonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao hudhurika kwa protini kama hodeini, waliunganisha aleli tatu, yaani maumbo tofauti ya jeni: ya Risø 56, shayiri nyingine ya Denmark iliyopoteza hodeini B, ya Risø 1508, isiyojaza C, na ya tatu, isiyo na D, ambayo haikuzalishwa maabara yoyote, bali ilitoka katika shayiri ya kienyeji ya Ethiopia. Kizazi cha kwanza kilisinyaa vilevile, na ilibidi wakizalishe tena na shayiri ya kawaida ndipo punje zikajaa.