Kozi Mweusi Sebuleni Kwetu Kibokoni

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, mvua ilituzuia barazani, nami nikaketi ndani na ami yangu kuitazama tena filamu ya The Maltese Falcon, ambayo John Huston aliiongoza mwaka wa 1941, ikiwa kazi yake ya kwanza ya uongozaji. Riwaya ya Dashiell Hammett iliyotoka mwaka wa 1930 ilikuwa imekwisha kuigizwa mara mbili, 1931 na 1936, lakini ni hii ya tatu iliyodumu.

Naamini siri yake ni uaminifu. Hammett, ambaye aliwahi kuwa mpelelezi, hatuambii kamwe anachowaza Sam Spade, mpelelezi aliye mhusika mkuu wa hadithi hiyo. Hutuonyesha mikono yake ikisokota sigara, uso wake na maneno yake, kisha hutuachia sisi kazi ya kupima. Huston aliyachukua mazungumzo mengi ya kitabuni jinsi yalivyo, na kamera yake haimwachi Spade isipokuwa kwa nadra, hivyo nasi twajua machache kama yeye. (Asiyeiona filamu asiendelee kusoma.)

Sydney Greenstreet, aliyekuwa amevuka miaka 60 na hajawahi kuigiza filamu, anapoikwangua kwa kisu ile sanamu ya ndege kozi wanayoisaka na kukuta madini ya risasi tupu badala ya dhahabu, ami alinishika mkono.

“Mwanangu, mtazame macho,” aliniambia.

Nilirudisha nyuma onyesho hilo, tukalitazama mara tatu.