ARP inapita, ping haipiti: nilivyoifuata pakiti mpaka nikajua inaliwa wapi

Wakuu, hii ilinitoa jasho juzi pale Kariakoo, kwenye duka moja la jumla mtaa wa Aggrey. Wana seva moja ya Linux, ndani yake kuna mashine pepe (kompyuta ya programu tu, inaishi ndani ya seva) inayotunza stoo na mauzo, inatoka nje kupitia brija, yaani swichi ya programu ndani ya seva, inaitwa br0. Jioni nikaweka programu ya kuendesha kontena (programu zilizofungashwa kila moja kivyake), nikaenda zangu Mbagala. Saa mbili asubuhi simu: "Fundi, mauzo hayafunguki na wateja wamejaa."

Nafika, napiga ping (unatuma pakiti ya majaribio, unangoja jibu): seva yenyewe inapingi kila kitu, mashine pepe haipingi hata ruta. Nikabadilisha kebo (ndo zetu mafundi, ukikwama badilisha kebo), wapi.

Nikasema ngoja niifuate pakiti. tcpdump, ile ya kuchungulia pakiti zinazopita, kwenye vnet0, ule mlango wa mashine pepe, ping inatoka vizuri tu. tcpdump kwenye enp3s0, kadi yenyewe, hamna kitu. Ila ARP, zile za kuulizia MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya mwenye IP fulani, zinapita, swali linaenda na jibu linarudi na MAC ya ruta kabisa! Hapo nilikodoa macho kama nusu saa, bosi kasimama nyuma yangu. Fremu yenye 0x0806 (ndo ARP) inapita, yenye 0x0800 (ndo IP, ping imo humo) inaliwa, na brija kazi yake ni kuangalia MAC, haina habari na kilichomo ndani, sasa nani anazichambua IP?

Kumbe ile programu imeamsha br_netfilter, ambayo inazidaka pakiti za IP zinazopita kwenye brija inazipeleka kwanza iptables, mlinzi wa pakiti wa Linux, na hukohuko ile programu imeshaweka FORWARD (njia ya pakiti zinazopita tu kwenda kwingine) kuwa DROP, yaani zitupwe. Seva haikuguswa maana pakiti zake zinapita INPUT na OUTPUT, njia za zinazoingia na kutoka kwake yenyewe. Nikapiga iptables -L FORWARD -v -n, kila ping moja na hesabu ya DROP inapanda moja, mbele ya macho yangu.

Nikaandika iptables -I FORWARD -i br0 -o br0 -j ACCEPT, yaani inayoingia br0 na kutokea br0 iruhusiwe, ping ikajibu hapohapo. Kuna wanaoweka net.bridge.bridge-nf-call-iptables iwe 0, yaani pakiti za brija zisipelekwe tena iptables, nayo inakubali, ila kontena zenyewe zinaweza kuwa zinaitegemea hiyo kitu, mi nikaogopa. Nikaihifadhi ile sheria ili umeme ukikatika isipotee.

Bosi akauliza, "Kwa hiyo fundi, kebo ndo ilikuwa mbovu?"

Nikamwambia ndiyo bosi, kebo.