Uzi wa kushonea ulivyonipa masaa ya safari ya mama

Tiketi ilisema tunaondoka Los Angeles saa tano asubuhi, tunafika Tokyo saa nane na nusu mchana wa kesho yake. Mwenzangu mmoja anayesafiri sana akaniambia nitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kwisha. Kwa hesabu hiyo tungekaa hewani masaa 27 na nusu! Na kurudi? Kutoka Tokyo saa kumi na moja jioni, kufika Los Angeles saa tano asubuhi, tarehe ileile, yaani tungefika kabla ya kuondoka! Ushauri huo uliniudhi kweli. Nilikuwa nasafiri na mama, na daktari alishasema kidonge chake cha presha ni kila baada ya masaa 12, bila kuruka.

Nikaanza na ramani ya ukutani na rula. Nikapata zaidi ya kilomita 11,000. Kumbe ramani bapa huitanua dunia kadiri unavyoiacha ikweta, na kipimo kilichoandikwa pembeni ni cha ikweta.

Ndipo nikachukua tufe la dunia la wanangu na uzi mweusi wa kushonea. Kidole gumba kimoja Los Angeles, kingine Tokyo, nikavuta. Uzi ukateleza wenyewe kaskazini, ukatulia kusini kidogo ya visiwa vya Aleutian. Nikaurudisha katikati ya Pasifiki, ukapungua upana wa kidole, haufiki Tokyo! Nikauvuta mara tatu, jibu likawa lile lile: njia fupi inapanda kaskazini. Nikaubana pale ulipoishia, nikaulaza juu ya ikweta, nikahesabu digrii 79. Kila digrii pale ni kilomita 111, kwa hiyo ni karibu kilomita 8,800. Nilifurahi mno.

Ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ila usisahau upepo. Juu kule, kimo cha kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Tokyo unaipiga ndege usoni, kurudi unaisukuma. Ndiyo maana kwenda ni masaa 11 na nusu, kurudi ni kama 10. Nikalinganisha na tiketi: Tokyo ilikuwa mbele kwa masaa 16, na 27 na nusu ukitoa 16 unabaki na 11 na nusu. Sawasawa kabisa.

Saa ya mkono ya mama sikuigusa, iliendelea kusoma saa za Los Angeles. Alimeza cha kwanza saa moja asubuhi kabla ya kutoka. Tukiwa juu ya Pasifiki, saa yake ikagonga moja jioni, na dirishani jua linawaka.

"Mwanangu, mbona bado mchana?"

"Fuata saa yako, mama."

Akameza, akashushia maji, akalala. Masaa matatu na nusu baadaye tukatua.