Kijijini Wetterau, meza ya plamsi haina muuzaji

Leo asubuhi nimepita kwenye ile meza ya bibi jirani nikakuta plamsi zimeshatoka, nikajua basi, kiangazi ndo kinaaga hivyo. Sisi tuko Wetterau, Ujerumani, kaskazini mwa Frankfurt, ukipanda treni ya S6 pale Friedberg kama dakika arobaini hivi uko mjini, na siku hewa ikiwa safi nikisimama kilimani nyuma ya nyumba nayaona yale maghorofa ya mabenki kule mbali yamejipanga kama meno ya kitana. Nyumbani wakisikia niko Frankfurt wanajua naishi ghorofa ya ishirini. Wapi! Dirishani kwangu ni ngano, trekta, na harufu ya samadi kila mwezi wa tatu ambayo hata ufunge madirisha yote inaingia tu na inakaa na wewe mezani mnakula wote.

Sasa hiyo meza. Ni meza ya mbao ya kawaida tu iko nje ya geti, juu yake vikapu vya plamsi vimepimwa kilo moja moja, kibao kimeandikwa kwa chaki euro 2, na kopo la chuma limetobolewa kifuniko. Muuzaji hamna. Mara ya kwanza nilisimama pale kama dakika tano namsubiri mwenyewe, nikaita, nikapiga hodi, mbwa akabweka, kimya. Jamani mimi ni mtu wa Lushoto, plamsi kwangu ni pale Mombo, basi halijasimama vizuri vijana wameshafika dirishani na ndoo, mama peasi hizi, mama plamsi hizi, unamwambia bei yako kubwa, anakuongezea tatu, basi linaondoka anakimbia nalo chenji iko mkononi. Kununua plamsi bila kubishana na mtu nilijiona kama naiba. Na nilikuwa na noti ya kumi tu, nikaitumbukiza hiyo hiyo kumi nikabeba kilo yangu moja nikaenda zangu. Jioni bibi huyo hapo mlangoni na euro nane mkononi, kumbe kaniona muda wote ule kupitia pazia! Watu wanasema Wajerumani waaminifu, sawa sikatai, ila nusu ya huo uaminifu ni macho nyuma ya pazia.

Lakini ile meza ndo imenifundisha majira kuliko kalenda yoyote. Kwetu milimani tunajua masika, vuli, kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba, basi. Huku kila wiki mbili kuna kitu kinaingia na kingine kinatoka na watu wanakipokea kama mgeni wa harusi. Mwezi wa pili korongo wanarudi kwenye mabwawa huku chini, weupe wenye mabawa meusi, wanatembea kwenye majani mabichi kama wakaguzi. Mwaka wa kwanza nikampigia mama nikamwambia mama hawa ndege wametoka huko kwetu, nikafurahi mwenyewe, kumbe wanaofika Afrika Mashariki ni wale wanaozungukia upande wa Uturuki, hawa wa upande huu wengi siku hizi wanaishia Uhispania wanakula majalalani, na wengine hawaendi popote wanakaa hapa hapa na baridi yao. Sikumrudia mama kumwambia.

Karibu na Pasaka meza inakuwa na vifurushi vya majani vimefungwa kwenye karatasi nyeupe, aina saba, ndo yale ya sosi ya kijani ya watu wa Frankfurt. Mimi nikajua mboga, nikazitia kitunguu na nyanya nikazichemsha. Bibi nilipomsimulia alishika kifua. Hayapikwi kabisa, yanakatwakatwa mabichi yanachanganywa na maziwa mgando yanaliwa na viazi na mayai ya kuchemsha. Nimejaribu, si mabaya, ila moyo wangu bado unasema yale majani yalikuwa yanataka moto. Halafu inakuja asparagasi nyeupe, mboga ya vijiti, watu wanaila hiyo kila siku kama wamelaaniwa mpaka Juni 24, siku ya Yohana, ikifika hiyo tarehe wakulima wanaacha kukata ili mmea upumzike, yaani hata uwe na hela vipi ya shamba la hapa huipati tena.

Aliponifunga mdomo kabisa bibi ni mwezi wa tano. Nilitumiwa mbegu za mchicha kutoka nyumbani, Aprili ikapiga jua wiki nzima watu wakavaa kaptula, nikalima kakipande kangu nikamwaga mbegu, zikaota vizuri sana. Bibi akaegemea ua akatikisa kichwa, akaniambia bado, subiri watakatifu wa barafu wapite. Eti kuna watakatifu watano, kuanzia Mei 11 hadi 15, wa mwisho mwanamke wanamwita Sofia wa baridi, kabla hajapita yeye usiweke bustanini kitu kinachoogopa baridi. Nikacheka kimoyomoyo, mambo ya wazee. Usiku wa tarehe 13 anga likawa jeupe halina wingu hata moja, asubuhi natoka mchicha wote umelala chini umekuwa mweusi kama umemwagiwa maji ya moto. Bibi hakusema kitu. Alinisalimia tu "Gude", ndo salamu ya huku, akaendelea kufagia.

Juni jua linakataa kwenda kulala. Ramadhani yangu ya kwanza huku ilikuwa 2016 na ilianza tarehe sita Juni, futari saa tatu na dakika arobaini usiku na kama saa tisa usiku ushafunga tena, nakaa barazani na tende mkononi naangalia watoto wa watu wanacheza mpira saa tatu usiku nje kweupe. Nilikuwa natoka kazini kwenye nyumba ya wazee miguu inatetemeka. Ndo kipindi hicho hicho nikaona mti wa cheri kando ya njia ya shambani, hauna ua, hauna nyumba karibu, umezaa mpaka matawi yameinama, nikachuma mfuko mzima wa kufuturia. Mzee mmoja akasimamisha baiskeli akanisema mpaka nikasahau Kijerumani chote. Kila mti una mwenyewe, hata ukiuona uko peke yake porini! Baadaye ndo nikajua ukiona mti umefungwa utepe wa njano hapo ruksa, mwenyewe hana muda wa kuvuna kwa hiyo chuma tu. Sasa hivi natembea naangalia vigogo vya miti kuliko matunda.

Baada ya plamsi ni tufaha, kijiji kizima kinanuka tufaha lililopondwa. Wanakamua wanatengeneza ile pombe yao ya tufaha, mimi situmii, ila juisi ikiwa imetoka kwenye mashine siku hiyo hiyo ni tamu ajabu. Nilinunua lita tano nikaweka jikoni, siku ya nne dumu limevimba kama tumbo la mbuzi, nafungua linapiga chafya, ikabidi nimpe bibi. Alipokea kwa furaha kupita kiasi.

Kisha viazisukari, vile vya kutengenezea sukari, malundo marefu kando ya barabara kama mawe, malori usiku kucha. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, mama ananiuliza mbona siku hizi unachelewa kupiga, nimeshamweleza miaka yote kwamba tulikuwa tunapishana saa moja sasa ni mbili, anasema sawa, mwaka unaofuata anauliza tena. Novemba 11 watoto wanapita na taa za karatasi wanaimba. Desemba jua linatoka saa mbili na robo na saa kumi na nusu limeshazama, na meza ya bibi imegeuzwa miguu juu iko bandani. Miezi hiyo sina la kusimulia, ni kazi na kulala.

Mwaka huu mchicha nilipanda Mei 16. Umeota mpaka umetushinda, kila jioni mchicha, mtoto wangu akagoma. Bibi akasema lete mezani. Nikafunga mafungu sita, euro moja moja, nikaandika kwenye kibao jina la mchicha kwa Kijerumani, nikarudi ndani, na nikiri tu, nikasimama nyuma ya pazia. Kufika jioni yamebaki mafungu mawili, kwenye kopo kuna euro nne na kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: hii inapikwaje? Hakuna jina.

Nimeandika nyuma yake, kitunguu, nyanya, karoti ukipenda, tui la kopo la duka la Waasia pale Friedberg, na nikapigia mstari mara mbili kwamba hii INAPIKWA. Kesho naibandika mezani.