Zimamoto ni ya Wizara, Vichochoro ni Vyetu

Wakazi wengi wa Mwanza huamini kuwa gari la zimamoto ni mali ya Halmashauri ya Jiji, kama yalivyo masoko na stendi, na hivyo gari linapochelewa lawama zote humwendea diwani. Imani hiyo ina asili yake, kwa kuwa vikosi vya zimamoto kweli vilikuwa chini ya halmashauri hadi Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 ilipoweka jeshi moja la nchi nzima, ambalo leo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mishahara ya askari na ununuzi wa magari hupangwa katika bajeti ya wizara hiyo, na ada anayolipa mwenye hoteli au kituo cha mafuta baada ya jengo lake kukaguliwa haiingii katika mfuko wa Jiji.

Mpangilio huo wenyewe sioni ubaya wake. Magari ya zimamoto ni ghali, na halmashauri nyingi zisingemudu hata moja. Kasoro ninayoiona ni kwamba magari yalipohama, fikra nazo zilihama: moto ukawa jambo la wizarani, ilhali mengi yanayoamua kama nyumba itaokolewa au itateketea yamebaki huku chini.

Panda Mabatini au Igogo ukaone. Nyumba zimejengwa juu ya majabali, nyingine zikilitumia jiwe lenyewe kuwa ukuta wa nyuma, na njia za kuzifikia ni ngazi za mawe na saruji ambazo watu wawili wenye ndoo hawapishani bila mmoja kujibanza ukutani. Gari la zimamoto haliwezi kupanda huko. Husimama kwenye lami, askari wakavuta mpira kuelekea juu, na maji yaliyomo kwenye tangi la gari huisha kwa dakika chache. Ziwa Victoria linaonekana lote kutoka kibarazani, lakini maji yake hufika mlimani kwa kusukumwa na pampu, na pasipo na bomba la kuchotea maji ya zimamoto karibu na ngazi, gari hulazimika kuondoka kwenda kujaza tena huku moto ukiendelea.

Katika mkutano wa mtaa ninaoishi, baada ya vipaumbele vya mwaka kusomwa, mama mmoja muuza dagaa alisimama akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika hayo yote uliyosoma, moto umetengewa shilingi ngapi?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama yangu, moto uko wizarani." Naye akasema, "Basi ukiwaka, uwakie hukohuko." Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la kibajeti kabisa, na halikujibiwa.

Jibu lenyewe limetawanyika. Sisi humchagua diwani wa kata, madiwani humchagua Meya miongoni mwao, na Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye msimamizi wa matumizi, huteuliwa na Rais. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, likitegemea ruzuku ya Serikali Kuu pamoja na mapato ya ndani kama ushuru wa huduma, leseni za biashara na ushuru wa masoko. Asilimia 10 ya mapato hayo ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vibali vya ujenzi hutolewa na Jiji, ila barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na mabomba ya maji ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Hakuna meza moja ambako wote hawa huulizwa juu ya moto.

Kwa maoni yangu, meza hiyo ingepaswa kuwa ya Baraza, hata kama fedha si zake zote. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, hasara iliwaangukia wafanyabiashara waliokuwa wakilipa kodi za vizimba kila mwezi, na sielewi kwa nini sehemu ya ushuru wa masoko yetu isirudi sokoni ikiwa mitungi ya kuzimia moto na njia zisizozibwa na meza za biashara.

Vipaumbele huanzia mtaani, vikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo vikafika Jiji; jambo lisiloandikwa mtaani ni nadra kuzaliwa huko juu. Nimeomba safari hii bomba la zimamoto la pale ngazi zinapokutana na lami liandikwe katika orodha ya mtaa, tena litangulie uzio wa ofisi ya mtaa, ambao tumekuwa tukiuomba kila mwaka kana kwamba kuna mtu anataka kuiiba ofisi.